Bi Jovina, Kaunta Buku na Gari la Chamazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Jovina Gozbert anastaafu kazi ya mapokezi katika Karakana ya Haroub na Wanawe, Keko, siku ya Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi kamili jioni. Saa kumi imepangwa na uongozi. Sisi tunaomfahamu tunajua atatoka saa kumi na nusu, maana lazima atakuwepo mteja mmoja ambaye hajamaliza kueleza.

Wasifu wa namna hii una kawaida yake. Husema mstaafu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpole na mtu wa watu. Bi Jovina alikuwa mchapakazi. Kuhusu hayo mengine matatu, kamati ya sherehe imeshauri tusiandike uongo kwenye karatasi itakayosomwa mbele ya mchungaji wake.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, na kwa miaka yote hii hajapita mtu pale mapokezi bila kuarifiwa jambo hilo. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1994 na cheti cha kupiga chapa, sanduku la bati na mume wake, Mwalimu Gozbert, aliyekuwa amehamishiwa sekondari moja ya Temeke kufundisha hesabu. Mzee Haroub, mwanzilishi wa karakana hii, ambaye babu zake waliuza vitambaa maisha yao yote kabla yeye hajaingiwa na wazimu wa magari, alimpa barua aipige chapa kama mtihani. Barua ilimwambia mteja kwamba gari lake limekaguliwa na halina ubovu wowote. Bi Jovina aliisoma, akauliza, "Nani kalikagua?" Mzee akasema bado, fundi yuko msikitini, ila barua iwe tayari kabisa. Bi Jovina akamrudishia karatasi ikiwa nyeupe. Mzee Haroub alicheka mpaka akashika meza, akamwajiri palepale. Barua yenyewe haijaandikwa mpaka leo.

Kabla yake, mapokezi ya karakana hii yalikuwa benchi na mlinzi. Yeye alileta meza, kaunta buku la jalada gumu, na glasi sita za maji kwa ajili ya wateja. Glasi tatu zilipotea mwaka huohuo. Zilipatikana sehemu ya mafundi zikiwa na nati na skrubu ndani, na Bi Jovina aliingia huko na kuzimwaga zote sakafuni, nati kwa skrubu, mbele ya mafundi saba wenye misuli, na hakuna aliyethubutu kunyanyua uso. Kuanzia siku hiyo tulimwita Mama Rogers, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na tulimwamkia shikamoo hata sisi tuliokuwa tunakaribiana naye umri.

Kila mwaka msimu wa senene unapofika, ndugu zake humtumia kopo kutoka nyumbani. Mara ya kwanza kulifungua ofisini, mafundi wa pwani walitimua mbio kama wameona nyoka. Mzee Haroub alikuja kuuliza kuna nini, akaambiwa Mama Rogers anakula wadudu. Akachungulia. Akauliza kama hao ni jamaa ya panzi, akajibiwa ndiyo. Akatangaza kwamba panzi ni halali, akavuta kiti, akala nusu ya kopo huku akitufafanulia dini zetu sote, Waislamu na Wakristo. Jioni mkewe alipiga simu kuuliza mumewe kalishwa nini, maana amekataa wali.

Sasa tuje kwenye kazi. Wengi wanadhani kazi ya mapokezi ya karakana ni kuandika namba ya gari na kupokea ufunguo. Bi Jovina aliifanya kwa namna yake. Mteja akifika, anapewa maji. Anaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za wazee, za kazi. Zote ni nzuri. Kisha anaulizwa habari ya gari. Nayo ni nzuri. Hapo Bi Jovina anaweka kalamu chini, anakunja mikono, anakaa kimya.  Anamtazama mteja kwa juu ya miwani mpaka mteja mwenyewe anajikuta anasema, "Nzuri, ila..." Hapo ndipo kalamu inanyanyuliwa.

Kaunta buku lake lilikuwa na safu tatu tu: Jina, Gari, na Ila. Mafundi tulicheka sana. Tukambandika jina la Mama Ila, kwa sauti ya chini na tukiwa mbali.

Mwaka 2018 Mzee Haroub alipumzika kazi akamwachia uongozi mwanawe, Aiman, ambaye leo ni mkurugenzi wetu mpendwa na ametuomba tusimtaje sana. Tutajitahidi. Aiman alirudi kutoka masomoni na mfumo wa kompyuta, na ndani ya mfumo kulikuwa na Fomu Namba Nne. Siku tatu baada ya gari kutengenezwa, binamu yake, Huda, aliyekuwa mgeni kazini na mwenye namba arobaini za kupiga kabla ya chakula cha mchana, alimpigia mteja na kumuuliza, "Habari ya gari?" Mteja akisema nzuri, Huda anabofya Nzuri. Akisema mbaya, anabofya Mbaya. Anashukuru, anakata, anapiga namba inayofuata.

Ndugu msomaji, wewe ni mtu wa hapa. Lini umemsikia mtu mzima, mwenye akili timamu, akiulizwa habari akajibu mbaya? Mtu ambaye mafuriko yameingia mpaka sebuleni, kuku wanaelea, yeye mwenyewe kasimama juu ya meza, ukimpigia simu atakwambia nzuri. Ni adabu tu. Shida inakuja baadaye, ukishatulia na ukionyesha una nafasi. Huda hakuwa na nafasi. Mwezi wa kwanza wa mfumo, wateja asilimia tisini na nane walikuwa Nzuri. Aiman aliichapisha grafu kwa rangi, akaitia kwenye fremu, akaitundika ukutani juu ya kichwa cha Bi Jovina.

Chini ya grafu hiyo, kaunta buku lilikuwa linajaa breki.

Lilianza Februari. Nzuri, ila jioni pedali inakuwa laini. Nzuri, ila mpaka nikanyage mara mbili. Nzuri, ila nikipakia watu inazama. Nzuri, ila mume wangu anasema atapanda bajaji. Magari yalikuwa ya kila aina, madogo na makubwa, na wenyewe walitoka kote, kuanzia Mbagala mpaka ng'ambo ya Kinondoni. Walikuja, wakatengenezewa, wakaondoka wakishukuru, wakarudi.

Aliyerudi zaidi ya wote ni Bi Wahiba, mwenye chekechea kule Chamazi. Bi Wahiba alikuwa na gari la viti vinane, aliliendesha mwenyewe, na humo alibeba watoto kumi na wanne, kwa hesabu ambayo trafiki wote wa Kilwa Road walishachoka kubishana naye. Alikuja mara ya kwanza Februari, mara mbili Machi, na mwishoni mwa Aprili akaja ya nne. Aliketi, akanywa maji, akasema gari ni nzuri. Bi Jovina akanyamaza. Bi Wahiba akaanza kulia. "Nzuri, ila jana pale stendi ya Rangi Tatu nimekanyaga, nimekanyaga, hamna kitu. Nimelibamiza tairi kwenye ukingo wa barabara ndo likasimama. Watoto wanacheka, wanafikiri nawachezea. Wananambia mwalimu rudia."

Hapa inabidi tumtaje fundi mkuu wa breki wa wakati ule. Alikuwa mtu wa tumbo, wa sauti, na wa maoni juu ya kila kitu, hasa juu ya wanawake wanaoendesha. Kila gari lililolalamikiwa alilijaribu yeye mwenyewe, na tunamsifu kwa hilo. Alilijaribu saa nne asubuhi, baada ya chai, likiwa tupu na limepoa, kutoka getini mpaka kwa maseremala wa makochi na kurudi. Safari nzima haikutosha kusikiliza taarifa ya habari. Breki zilishika. Kwa tahadhari alizitoa upepo, akaongeza mafuta ya breki mapya kutoka stoo, na kwenye fomu akaandika maneno aliyoyapenda kuliko jina lake: Hakuna tatizo. Bi Wahiba naye aliambiwa hivyohivyo na fundi mkuu siku ile, tena kwa huruma: "Sista, gari iko poa kabisa, mie nimeitest mwenyewe. Ishu ni wewe unakanyagaga kwa woga."

Bi Jovina hajui kuendesha gari. Hilo ni jambo ambalo wateja wengi hawaamini. Miaka thelathini na mmoja amekaa katikati ya magari na hajawahi kushika usukani, na akipanda la mtu hukanyaga sakafu kwa mguu wa kulia safari nzima. Kwa hiyo hakubishana na fundi mkuu kuhusu breki. Alichofanya ni kukosa chakula cha mchana. Alikaa na kaunta buku lake na kalamu nyekundu, akasoma kila ila ya breki tangu Februari, akahesabu magari ishirini na saba. Yote yaliwahi kufunguliwa breki hapa kwetu kabla hayajaanza kusumbua. Ila zote zilikuwa za jioni. Zote zilikuwa za gari lenye watu au mzigo ndani, kwenye foleni. Hakuna hata moja ya saa nne asubuhi.

Alipeleka buku kwa Aiman. Aiman, kwa upole wote, alimwonyesha grafu.

Basi Bi Jovina alirudi mezani kwake, akachukua ufunguo wa gari la Chamazi, akautia kwenye mkoba, akafunga zipu, akaupakata. Akatangaza kwamba gari lile halitoki kwenda kubeba watoto wa watu mpaka lijazwe watu wazima wa karakana hii na liendeshwe mpaka Rangi Tatu na kurudi, saa kumi jioni, na fundi mkuu mwenyewe. Fundi mkuu alisema huo ni udhalilishaji wa taaluma. Aiman alisema, "Mama Rogers, mie nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini hii sasa ni kukaidi amri." Bi Jovina alisema sawa.

Aiman akamwagiza Huda achape barua ya kumwachisha kazi. Huda aliichapa huku machozi yanamtoka kwenye kibodi. Aiman akaisaini, akaikunja, akaitia mfuko wa shati mbele ya kila mtu. Makubaliano yakawa hivi: breki zikishika kwenda na kurudi, Bi Jovina anapokea barua yake na kwenda nyumbani. "Na zikikataa?" akauliza Bi Jovina. Aiman, ambaye hakuwa ameliwaza hilo, akatazama saa.

Saa kumi walipanda. Aiman mbele, Huda, mlinzi, mafundi wanne waliochaguliwa kwa uzito, na Bi Jovina kiti cha nyuma kabisa, na mkoba wake, ambao sasa ulikuwa hauna ufunguo lakini aliendelea kuupakata. Bi Wahiba aliombwa naye apande gari lake. Alijibu, "Mie nimeshapanda vya kutosha," akakaa zake kwenye benchi.

Kwenda, gari lilikuwa kama jipya. Fundi mkuu aliimba. Kila aliposimama kwenye foleni aligeuka nyuma, akamtazama Bi Jovina, akanyanyua mikono yote miwili kuonyesha kwamba gari limesimama lenyewe. Walifika Rangi Tatu, wakageuza. Aiman aligusa mfuko wa shati mara mbili, na wale waliokuwemo wanasema hakuonekana mtu mwenye furaha.

Kurudi, foleni ilikuwa ile ya kusogea hatua tatu na kusimama. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, na watu tisa ndani. Walipofika maeneo ya Mtoni, pedali ikaanza kuwa laini. Fundi mkuu aliihisi. Akaacha kuimba. Akawa anakanyaga mara mbili. Angeweza kusema hapohapo, akaegesha pembeni, na mambo yote yakaishia kwenye kivuli cha duka la soda. Hakusema. Alikuwa ametukana sana asubuhi, na barua ilikuwa kwenye mfuko wa bosi wake, na yeye aliona bora afike getini kwanza.

Hawakufika getini. Pale Keko kwa maseremala, bajaji ilisimama ghafla kushusha abiria. Fundi mkuu akakanyaga, pedali ikaenda mpaka chini, ikabaki hukohuko. Akavuta hendibreki, akakata kushoto, gari likapanda mchanga, likapita kati ya kabati mbili za nguo bila kuzigusa, likaingia kwenye kochi la watu watatu la fundi Twalib, la bluu, jipya, bado liko kwenye nailoni. Kochi lilirudi nyuma hatua nne. Gari likasimama.

Hakuna aliyeumia.  Twalib alikuwa amesimama na randa mkononi akiwatazama kupitia kioo. Halafu kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti ya Bi Jovina, tulivu, ile ya mapokezi:

"Lusungu, habari ya gari?"

Na fundi mkuu, jasho linamtiririka, mikono bado iko kwenye usukani, akajibu, "Nzuri."

Lusungu ni mimi, ninayeandika karatasi hii. Nilitaka niimalize bila kujitaja, lakini mnaifahamu stori, na Twalib amealikwa kwenye sherehe. Naomba mjue kwamba sikusema nzuri kwa ubishi. Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimenusurika kuua abiria wa bajaji na bosi wangu na mimi mwenyewe, nikaulizwa habari, nikasema nzuri. Bi Jovina alinitazama kwa juu ya miwani. Alisubiri. Baada ya muda nikasema, "Ila breki hamna, Mama."

Kesho yake sikunywa chai. Nilifungua breki za gari lile zote, moja moja, na sikukuta kitu kilichovunjika wala kilicholika. Nilichokikuta ni mafuta yenyewe. Wenye magari mnaosoma, sikilizeni, maana sentensi hii imewagharimu watu usingizi: mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa. Yakikaa wazi yanaingia maji polepole. Gari likiwa limepoa hutaona kitu. Breki zikipata moto kwenye foleni, na mzigo juu, yale maji yanachemka ndani ya mipira ya breki, yanageuka mvuke, na mvuke haubani chochote. Unakanyaga hewa. Gari likipoa, kila kitu kinarudi sawa, na fundi mpumbavu analijaribu saa nne asubuhi.

Sasa mafuta yetu yalikuwa yanakaaje? Zamani tulinunua chupa ndogondogo. Januari mwaka ule tulianza kununua dumu kubwa. Mdomo wa dumu ulikuwa mwembamba, unachelewesha kazi, kwa hiyo mtu mmoja mwerevu alichukua msumeno, akalikata juu lote, akatumbukiza kikombe cha plastiki cha kuchotea. Dumu likakaa wazi miezi minne, mpaka masika yalipokolea, kwenye stoo ileile tunayochemshia chai, birika lipo pembeni yake linatoa mvuke kutwa. Mwerevu huyo alikuwa na tumbo, sauti na maoni. Nililikata dumu lile kwa mikono yangu, na nilijisifu.

Na kila mteja aliporudi na ila yake, nilifungua breki, nikamwongezea mafuta ya kwenye dumu. Bi Wahiba alikuwa anakuja kwangu na ugonjwa, mimi namzidishia uleule, namwambia ana woga. Watoto kumi na wanne, mara nne. Nimejaribu kuliandika hilo kwa utani na nimeshindwa.

Aiman, kwa heshima yake, alishusha grafu mwenyewe. Ile barua ya kuachisha kazi alimkabidhi Bi Jovina aichane. Bi Jovina hachani karatasi ambayo upande mmoja ni msafi. Aliigeuza, akaandika nyuma yake orodha ya magari yote yaliyopitia lile dumu, arobaini na moja, akaanza kupiga simu. Alipiga yeye na Huda, siku tatu. Huda alimwangalia jinsi anavyofanya: anasalimia, anauliza, anajibiwa nzuri, ananyamaza. Katika wale arobaini na moja, kumi na wanne walikuwa hawajawahi kulalamika popote. Kwenye mfumo wote walikuwa Nzuri. Safari hii tisa kati yao walikuwa na ila. Mmoja alisema anaendesha na jiwe kwenye kiti cha pembeni, ili mkewe alitupe chini ya tairi ikibidi.

Yalirudi yote arobaini na moja. Niliyamwaga mafuta yote, nikasafisha, nikatia mapya ya chupa zilizofungwa, na kila moja nililijaribu saa kumi jioni likiwa limejaa watu. Gari la Chamazi nilimpelekea Bi Wahiba mwenyewe mpaka kwenye geti la chekechea, nikamwomba radhi mbele ya watoto, ambao waliniuliza kama mimi ndiye mjomba wa kochi. Hakuna mteja aliyeumia. Naisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko yoyote niliyowahi kuandika.

Leo Fomu Namba Nne ina nafasi ya neno Ila, na Huda, anayerithi meza ya mapokezi kuanzia Jumatatu, haruhusiwi kuwa wa kwanza kukata simu. Lile dumu limetundikwa stoo likiwa na maua ya plastiki, kwa amri. Kochi la Twalib lilinunuliwa na karakana, likatiwa mguu mpya, na ndilo wateja wanalokalia mpaka leo pale mapokezi.

Bado kuna jambo moja, na nilimwomba Bi Jovina ruhusa ya kuliandika. Aliniambia niandike, ila nisirembe.

Aprili ile yote, Mwalimu Gozbert alikuwa amelazwa. Kila siku Bi Jovina alitoka hapa, akaenda wodini, akarudi Mbagala Kuu usiku umeingia, na asubuhi saa moja na nusu yuko mezani. Hata siku ya kochi, alishuka kwenye lile gari, akajikung'uta, akaenda hospitali kwa miguu. Hatukujua. Tulijua Mei, mwanawe Rogers alipopiga simu ya karakana kumtafuta mama yake, na mimi ndiye niliyeipokea, maana mama mwenyewe alikuwa kwenye simu nyingine akimsikiliza mteja wa mwisho wa orodha. Mwalimu alikuwa amefariki saa tatu asubuhi ile. Nilimpa simu ya Rogers. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo, akakaa.

Baada ya arobaini ya msiba nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Tungemsaidia. Mimi, nilimwambia, nilikuwa napita pale mezani kila asubuhi ya Mungu na kumuuliza, "Mama Rogers, shikamoo, za nyumbani?"

"Na mie nilikuwa nakujibu nzuri," akasema. "Hukusubiri, Lusungu. Ulikuwa unawahi chai."

 Nimekaa na neno hilo miaka saba, nikipita pale mezani kila asubuhi.

Kamati iliuliza Bi Jovina anataka zawadi gani. Tulitegemea friji. Akasema anataka kochi. Tumemwambia kochi ni bovu, mguu mmoja si wake, limekaliwa na nusu ya Temeke. Akasema ndiyo hilo. Litapakiwa Ijumaa baada ya sherehe kwenda Mbagala Kuu, na mimi ndiye nitakayeendesha. Breki zimeshaangaliwa na mtu mwingine.

Mama Rogers, kwa niaba ya Mzee Haroub, mkurugenzi asiyetaka kutajwa, Huda, mafundi wote na watoto wa Chamazi ambao sasa wanakaribia kuota ndevu, tunakushukuru. Mungu akupe umri, afya, na senene wengi. Jumamosi ya kwanza ya Disemba nitakuja kwako. Nitabisha hodi, nitakuamkia, nitakaa kwenye kochi, nitakuuliza za nyumbani. Najua utajibu nzuri. Nitakuwa nimeshakunywa chai.